Kuusikiliza Mshipa

Ukisimama kando ya barabara kuu pale Salama, kaunti ya Makueni, utasikia jambo ambalo dereva wa lori mwenyewe halisikii. Lori linalotoka Mombasa likipiga honi kwa mbali, sauti inakujia nyembamba. Likishakupita na kushika njia ya Nairobi, honi ileile inashuka na kuwa nzito. Dereva hajagusa kitu. Kilichobadilika ni kwamba chanzo cha sauti kilikuwa kinakujia, na sasa kinakwenda zake. Mwaustria Christian Doppler alieleza sababu yake mwaka 1842, akiwa anawaza juu ya rangi za nyota. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot akaijaribu kwa kupakia wapiga tarumbeta kwenye gari moshi karibu na mji wa Utrecht, huku wanamuziki wenye masikio makali wakisikiliza kando ya reli.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayomwezesha mtaalamu wa skani kujua jinsi damu inavyopita katika mshipa wa mama mjamzito, bila sindano na bila kisu. Mashine inatuma mawimbi ya sauti, chembe nyekundu za damu zinayarudisha, na kwa kuwa chembe hizo ziko mbioni, wimbi linalorudi si sawa kabisa na lililokwenda. Katika tofauti hiyo ndogo, mtu mwenye mkono uliofunzwa anaweza kuona hatari ya ugonjwa wa presha ya mimba miezi kadhaa kabla presha yenyewe haijapanda. Kadiri ninavyoielewa kazi hii ndivyo ninavyozidi kuiheshimu, na nadhani husifiwa kwa sababu isiyo yake. Watu husifu mashine.

Lazima nianze na mkanda wa presha, kwa sababu skani bila mkanda haifiki popote. Prieklampsia, ugonjwa wenyewe ninaousema, hutambuliwa presha inapofika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya mimba, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba ini, figo, damu au ubongo umeanza kuathirika. Mama anaweza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma na hakipoi, macho yanaona vimulimuli, anasikia maumivu chini ya mbavu za kulia. Anaweza pia asilalamike chochote, akaendelea kuuza nyanya zake kando ya barabara kama kawaida. Ugonjwa ukiachwa unaweza kufika kwenye degedege, ndicho kifafa cha mimba. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba magonjwa ya presha ya mimba husababisha karibu kifo kimoja kati ya kila vifo saba vya uzazi duniani. Kenya nayo, ambako sensa ya 2019 ilikadiria vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, inayahesabu magonjwa haya miongoni mwa sababu kuu.

Mkanda husema kweli, ila habari huufikia mwishoni. Prieklampsia nyingi, hasa zile kali zinazoshika mapema, chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma tangu mimba ikiwa changa. Ukuta wa mji wa mimba una mishipa midogo iliyojisokota, ambayo kabla ya mimba ni myembamba na ina misuli ya kuibana. Mimba ikitunga vizuri, chembe za kondo huingia ndani ya ukuta huo, zikamomonyoa misuli ya mishipa ile na kuiacha mipana, isiyoweza kujibana tena. Kazi hiyo huendelea hadi karibu wiki ya 18 au 20. Ikikamilika, damu hupita kwa wingi na kwa utulivu. Mwishoni mwa mimba zaidi ya nusu lita huingia kwenye mji wa mimba kila dakika. Isipokamilika, mishipa inabaki myembamba, kondo linakosa damu ya kutosha, nalo katika shida hiyo linamwaga kwenye mwili wa mama kemikali zinazoumiza kuta za mishipa yake yote. Hapo ndipo presha inapopanda, figo zinapovuja na kichwa kinapouma.

Mtu wa Ukambani hahitaji kuelezwa sana tofauti ya mikondo miwili ya namna hiyo. Mto wa msimu usio na kizuizi hufurika mvua ikinyesha, ukaunguruma, na kesho yake ni mchanga mkavu. Mto uliojengewa bwawa la mchanga, kama yale yaliyotapakaa Makueni na Kitui, huendelea kutoa maji muda mrefu baada ya mvua kukatika. Mshipa wa mji wa mimba wenye afya ni wa namna ya pili: moyo ukipiga damu inakwenda kwa kasi, na moyo ukipumzika damu bado inakwenda. Mshipa wenye shida unakwenda kwa mshindo, kisha karibu unakauka hadi pigo linalofuata. Mtaalamu wa skani hutafuta kile kinachoendelea kati ya pigo na pigo.

Sasa mtazame akifanya. Mama ana mimba ya wiki 12, amelala chali, kanga imekunjwa hadi nyongani, jeli baridi imepakwa chini ya kitovu. Kwanza mtaalamu anatafuta mtoto, anampima kutoka utosini hadi matakoni. Kipimo hicho, kikiwa kati ya milimita 45 na 84, ndicho kinachoweka umri wa mimba kwa uhakika, na bila umri wa kuaminika namba nyingine zote zitakazofuata ni za kubahatisha. Kisha anageuza probu, kifaa alichokishika juu ya tumbo, ili mji wa mimba uonekane kwa urefu wake katikati, kutoka juu hadi kwenye mlango wa kizazi. Hapo hatafuti mtoto tena. Anatafuta tundu la ndani la mlango huo, na akilipata anasimama.

Kinachofuata ni kidogo sana kwa macho ya mtu wa kando. Kiganja hakihami, kinainama tu kuelekea ubavuni, nyuzi chache, polepole. Anawasha rangi. Ubavuni mwa shingo ya kizazi unajitokeza mshipa uliopindapinda, nyekundu hapa, bluu pale. Mwanafunzi hudhani nyekundu ni ateri na bluu ni vena, kama kwenye mabango ya darasani. Aliyekomaa anajua kwamba rangi inasema tu damu inaijia probu au inaikimbia, na kwamba mshipa mmoja ukipinda unaweza kuwa na rangi zote mbili. Anachagua sehemu iliyonyooka. Anaweka pale kidirisha cha kupimia chenye upana wa milimita 2, kipana kiasi cha kuufunika mshipa na chembamba kiasi cha kutochota damu ya jirani.

Halafu pembe. Mawimbi yakikutana na mkondo wa damu kwa pembe mraba, mashine haioni mwendo wowote, hata damu ikikimbia namna gani. Kwa nyuzi 60 inaona nusu ya kasi. Ndiyo maana sharti la kazi hii ni chini ya nyuzi 30, na ndiyo maana mkono unacheza kiasi kidogo hivyo, ukiinama hadi mshipa na mawimbi vikaribie kulala mstari mmoja. Kasi ya juu ikiwa chini ya sentimita 60 kwa sekunde, mtaalamu mwangalifu haifurahii. Huenda ameshika tawi dogo lililo mbele zaidi, na mshipa mkuu bado hajaupata. Anafuta, anarudi kwenye mlango wa kizazi, anaanza upya.

Na muda wote huo anasikiliza. Hili wengi hatulijui: mashine ina spika. Mawimbi yanayotumwa ni ya mamilioni kwa sekunde, mbali kabisa na uwezo wa sikio la binadamu, lakini tofauti kati ya lililokwenda na lililorudi, kwa kasi ya damu ya mshipa huu, huangukia kwenye maelfu machache kwa sekunde, palepale ambapo sikio letu linasikia vizuri zaidi. Vena inavuma bila kukoma. Mshipa mkubwa wa nyonga unaokwenda mguuni unagonga kwa ukali na kurudi nyuma kidogo kabla ya kutulia. Mshipa wa mji wa mimba una mvumo mrefu, pigo na mkia, pigo na mkia, kwa mwendo wa moyo wa mama. Ukisikia 150 kwa dakika umemshika mtoto. Wataalamu wa siku nyingi huinua kichwa kabla ya picha kutulia, kwa kuwa sikio limeshawaambia.

"Mama, vuta pumzi, halafu itoe polepole. Usiongee kidogo."

"Sawa, daktari."

Mawimbi matatu yanatokea kwenye skrini, yanayofanana. Yasipofanana hayapimwi. Anaigandisha picha na mashine inafanya hesabu: kasi ya juu kabisa, utoe kasi ya chini kabisa, ugawe kwa wastani wa kasi ya pigo zima. Damu ikiendelea kwenda vizuri moyo unapopumzika, namba inakuwa ndogo. Ikikatika, namba inakua. Napenda hasa kwamba hii ni hesabu ya uwiano: pembe ikikosewa kidogo, kasi zote tatu zinakosewa kwa kiasi kilekile na jibu linabaki palepale. Hata hivyo mafundi wazuri hawaitumii nafuu hiyo kama ruhusa ya kulegea. Kisha anahamia upande wa pili wa mwili, kwa sababu mishipa ni miwili na wastani wa yote miwili ndio unaoandikwa. Kati ya wiki ya 11 na ya 14, wastani unaozidi karibu 2.35 uko juu kuliko wa wajawazito 95 kati ya 100. Kufikia wiki ya 20 hadi 24 mpaka huo unashuka hadi karibu 1.45, na mshipa mgumu unaweza kuonyesha kitu kingine tena, kijibonde mwanzoni mwa mteremko wa wimbi, alama ya damu iliyokutana na ukinzani.

Kuna nidhamu moja zaidi isiyoonekana. Kipimo cha Doppler hutumia nguvu nyingi kuliko picha ya kawaida, na kwenye mimba changa fundi huipunguza, huuepusha mwili wa mtoto na mawimbi hayo, na hakai kwenye mshipa dakika moja zaidi ya anayohitaji. Hakuna anayemsimamia kwa hilo. Mama hajui, na ripoti haitasema.

Ustadi huu si wa kale. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za kwanza za ultrasaundi za mtoto tumboni mwaka 1958. Mwaka 1983 Stuart Campbell na wenzake, London, walionyesha kwamba mawimbi ya damu ya mji wa mimba hutofautiana kwa mama ambaye mimba yake itapata shida. Kwa miaka mingi baada ya hapo, maarifa hayo yalikuwa na kasoro chungu: unaweza kumwambia mama yuko hatarini, huna la kumpa. Jibu lilikuja kuthibitishwa na utafiti uliotoka mwaka 2017, ulioongozwa kutoka London na kundi la Kypros Nicolaides, mtu wa Cyprus. Wanawake waliotambuliwa kuwa hatarini kwa kuunganisha historia yao, presha, damu na kipimo cha mishipa hii miwili, walipewa miligramu 150 za aspirini kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14 mpaka wiki ya 36. Prieklampsia ya kabla ya wiki 37 iliwapata 1.6 kwa mia, dhidi ya 4.3 kwa mia ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Aspirini, kidonge ambacho duka lolote la dawa linacho. Tangu siku hiyo mkono ulioinama nyuzi chache ubavuni mwa mlango wa kizazi umekuwa na kazi ya kuokoa, maana habari unayoileta sasa ina dawa mbele yake.

Afrika Mashariki haikukaa pembeni. Viwango vya kimataifa vya ukuaji wa mtoto tumboni vilivyochapishwa mwaka 2014, ambavyo hospitali za nchi nyingi zinavitumia, vilipatikana kwa kupima wajawazito wenye afya kwenye miji minane. Mmojawapo ni Nairobi, mtaa wa Parklands. Kwa hiyo mstari ambao mtoto wa Oxford hulinganishwa nao umechorwa kwa sehemu na mikono ya Nairobi. Pwani nako, Mariakani na Rabai katika kaunti ya Kilifi, Chuo Kikuu cha Aga Khan kilifuatilia wajawazito katika utafiti wa PRECISE, pamoja na Gambia na Msumbiji, kuchunguza jinsi kondo linavyoshindwa kazi. Na mwaka 2022 mamia ya wakunga na wahudumu walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta kufundishwa kutumia mashine ndogo za skani zinazochomekwa kwenye simu au tableti.

Mashine hizo ndogo nazipenda. Kujua umri wa mimba, idadi ya watoto na kondo limekaa wapi, kwenye zahanati isiyo na mtaalamu wa picha, ni hatua kubwa. Lakini tusichanganye mambo. Kipimo cha mshipa wa mji wa mimba kinataka mashine yenye Doppler ya mawimbi, na kinataka mtu aliyekifanya mara nyingi chini ya macho ya anayekijua. Kichwa cha mtoto hujionyesha hata kwa mkono mchanga. Mshipa huu haujionyeshi.

Kuna pia suala la saa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate skani moja kabla ya wiki ya 24, na kwa walio hatarini linapendekeza pia aspirini ianze kabla ya wiki ya 20. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianza kabla ya wiki ya 16. Wakenya wengi huanza kliniki miezi mitatu ya kwanza imekwisha kupita. Mama wa Salama anayeandikiwa skani huenda akalazimika kupanda gari kwenda Sultan Hamud, au Machakos, au Wote ambako kaunti imejenga hospitali ya mama na mtoto, na nauli hiyo ina wapinzani wengi nyumbani. Akifika wiki ya 22, nafasi bora ya aspirini imempita. Fundi anayempima wiki hiyo anajua hilo, na bado anampima kwa uangalifu uleule, kwa sababu namba mbaya wiki ya 22 inamaanisha huyu aangaliwe kwa karibu, asisubiri tarehe ya kadi.

Hapo ndipo ustadi unapohamia kwa mtoto. Miezi ya mwisho mtaalamu anapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, anaona kama mtoto anakua au amekwama, kisha anaweka kidirisha kilekile kwenye kamba ya kitovu cha mtoto. Damu ya kitovu nayo haipaswi kukatika moyo wa mtoto unapopumzika. Ikipungua, anaita mama mapema. Ikikatika kabisa, simu inapigwa siku hiyohiyo. Ikirudi nyuma, yaani wimbi likishuka chini ya mstari, kila aliyemo chumbani anajua kwamba mtoto huenda akahitaji kutolewa hata kama hajakomaa. Kwa mama, tiba ya kuzuia degedege ni magnesiamu salfeti, ambayo utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulionyesha inapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Lakini tiba ya ugonjwa wenyewe ni kuzaa, na swali zito la siku zile ni lini. Mtaalamu wa skani haliamui peke yake. Anawapa wanaoliamua kitu cha kushika.

Ninachokiheshimu kuliko vyote ni jinsi wazuri wanavyojua mahali ujuzi wao unapoishia. Skani haipimi presha. Haitangazi prieklampsia, inasema uwezekano. Hata kipimo cha wiki 11 hadi 14 kikiunganishwa na presha, historia na damu, hukosa karibu robo ya wale watakaougua kabla ya wiki 37, na huwatia hofu wengi ambao hawataugua kamwe. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu hamwambii mama "uko salama" kwa sababu wimbi limependeza. Anamwambia mishipa yake leo inapitisha damu vizuri, na kwamba kichwa kikianza kuuma bila kupoa asikae nyumbani kwa sababu aliambiwa skani ilikuwa nzuri. Kwa mwenye umri mkubwa kidogo husema kwa upole wa Kikamba: "Mwaitu, presha ipimwe kila ukija. Hii picha haichukui nafasi ya mkanda." Na mshipa wa upande mmoja ukikataa kuonekana, kwa sababu ya mafuta, gesi au stima iliyopotea katikati ya kazi, anaandika kwamba haukuonekana. Hajazi nafasi kwa namba inayofanana na ya upande wa pili. Ninajua jinsi kishawishi hicho kinavyokuwa saa kumi jioni foleni ikiwa bado ndefu.

Ripoti nzuri ya kazi hii ni fupi. Umri wa mimba, na umepatikana kwa kipimo gani. Mishipa ya mji wa mimba, kulia na kushoto, wastani, na kama uko juu ya mpaka wa wiki hizo. Kondo limekaa wapi. Mstari wa mwisho unasema nini kifanywe na kabla ya lini, kwa maneno ambayo haihitaji daktari bingwa kuyasoma. Ikipachikwa kwenye kitabu cha Mama na Mtoto na kurudishwa kliniki, sista atakayeipokea hana haja ya kuona picha yenyewe. Anajua mama huyu azungumze na daktari kuhusu aspirini wiki hii, asipangiwe miadi ya mwezi mzima, apimwe mkojo kila anapofika, na aende kujifungulia mahali penye chumba cha upasuaji.